Mguu wa Zuwena

Kama taa hazikuwaka, gari lake bovu. Kama taa ziliwaka, mguu wake mbovu. Hivyo ndivyo kamati ya mazishi ya Ngokolo ilivyomwamulia Zuwena binti Zamoyoni, na katika watu wote waliokaa mkekani siku ile hakuna hata mmoja aliyeona haya. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini hawa walikuwa wamechagua, tena mawili kwa mpigo, ili akikwepa la kwanza aangukie la pili.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404, pikapu, la zamani hata rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Baba yake, mzee Zamoyoni, alilinunua enzi zile ambazo gari la mtu binafsi mjini Shinyanga lilijulikana kwa jina la mwenyewe. Siku za kazi lilibeba mashudu ya pamba, mapipa ya maji na mbuzi wa mnada wa Mhunze. Siku ya msiba liliacha kila kitu. Akifa Mwislamu yeyote pale mjini, tajiri au fukara, jeneza lake lilikwenda makaburini mgongoni mwa Pijo lile, bure. Macho ya mzee yalipoingia ukungu, Zuwena alishika usukani, baba yake akakaa kando akimwelekeza njia ambazo Zuwena alizijua kuliko yeye. Mzee alipofariki, Zuwena alimpeleka mwenyewe, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Miaka ikapita hivyo. Alikuwa akifika na jeneza hadi kwenye ua wa makaburi, anazima injini, anabaki ndani ya gari akimwombea marehemu, maana kwa desturi ya kwao wanawake hawaendi kaburini, naye hakuwa na ugomvi na desturi. Ugomvi wake ulikuja kuwa na watu.

Tena ulikuja wakati mbaya. Nyumbani kwake, chumba cha uani, alilala mama yake mkubwa, Bi Raudha, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki wakati wa kumzaa. Bi Raudha alikuwa amekwisha. Hospitali walimrudisha kwa maneno mazuri, na maneno mazuri ya hospitali kila mtu anajua maana yake. Yeye mwenyewe hakuogopa. Alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila alipopata pumzi.

"Mimi utanipeleka wewe. Usikubali nipakiwe kwenye gari la mtu mwenye haraka zake."

"Nitakupeleka, mama."

"Sema wallahi."

"Wallahi nitakupeleka."

Sasa kiapo hicho alikuwa nacho kifuani kama kaa la moto, kwa sababu kamati ilikuwa imemkataza.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Yasini, mnunuzi wa dhahabu. Miaka ile ya tisini, watu walikwenda Geita na sululu wakarudi na malaria; Yasini alikwenda na mizani akarudi na nyumba ya ghorofa. Alipoleta msikitini sanda za kutosha mwaka mzima, hazikupita Ijumaa nyingi akapewa uenyekiti wa mazishi. Alikuwa na Hilux mpya, nyeupe, na dereva wa Kisukuma kutoka Songwa aitwaye Maduhu. Tangu alipokalia kiti kile, ilimkera kwamba katika msafara wa mazishi Pijo lilitangulia na Hilux ikafuata. Hakusema hivyo. Alisema kwamba mambo ya msikiti yanataka utaratibu.

Siku ya balaa walikuwa wakimpeleka kijiji cha Samuye mzee mmoja aliyefia mjini na kutaka kuzikwa kwa watoto wake. Jeneza la msikiti ni refu kuliko bodi la Pijo, kwa hiyo liliingizwa kama siku zote: mlango wa nyuma ukashushwa, mikono ya jeneza ikachomoza nje, vijana wakapanda kulishikilia. Kabla ya kufika Samuye, ng'ombe walikatiza barabara. Zuwena aliwaona mbali. Alikanyaga breki taratibu, kama mtu anayebeba maiti, si kama mtu anayekimbizwa. Gari likapunguza mwendo, likapunguza tena, na ghafla nyuma yake kukasikika kishindo.

Hilux ilikuwa imemgonga. Mikono ya jeneza iliingia kwenye taa ya mbele ya Hilux na kuivunja, na kama si vijana kulikumbatia jeneza kwa nguvu zao zote, ingetokea aibu ambayo Samuye wangeisimulia hadi kiama. Watu walipiga kelele, wengine walilia. Zuwena alishuka kwa hasira ya kuona maiti ya mzee wa watu inatikiswa kama gunia.

Walizika kwanza. Jeneza liliposhushwa, Zuwena alifunga mlango wa nyuma na kusukuma makomeo yake mawili, kama Bi Raudha alivyomfundisha: gari lililobeba maiti haliachwi mdomo wazi, litamwita mwingine. Watu waliporudi kutoka kaburini, Yasini alisimama nyuma ya Pijo mbele ya umati.

"Bi Zuwena, ingia ukanyage breki. Tuone hizo taa."

Aliingia, akakanyaga. Taa zote mbili zikawaka, nyekundu safi. Watu wakanong'ona. Yasini akawageukia wazee aliokuwa nao kwenye Hilux.

"Nyinyi mlikuwa nami. Alipokanyaga kule kwenye ng'ombe, ziliwaka?"

"Hazikuwaka," walisema.

"Maduhu?"

"Hazikuwaka, mzee," alisema Maduhu, akiangalia viatu vyake.

"Basi zinawaka zinapotaka," alisema Yasini. "Ama ni hivyo, ama huyu dada yetu anakanyaga kwa kushtuka, mguu mmoja mzito, mtu wa nyuma hapati hata nafasi ya kuziona. Mnisikie vizuri, simlaumu. Ni maumbile."

Maumbile! Zuwena alisikia damu ikimpanda masikioni. Alikuwa ameendesha gari lile kwenye tope la masika, kwenye madaraja yaliyofunikwa na maji, na mgongoni amebeba baba za watu hawa hawa, na leo mtu aliyegonga kwa nyuma anamweleza maumbile aliyegongwa. Msibani hapafokwi. Kamati ikakaa mkekani siku ya pili yake, ikaamua kwamba Pijo lisibebe jeneza hadi litengenezwe na fundi anayeeleweka.

Fundi anayeeleweka alikuwa Stanslaus, mwenye gereji ya umeme wa magari kando ya barabara ya Mwadui. Stanslaus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kusikia nusu ya maneno. Aliangalia fyuzi, akaikuta nzima. Akashusha mlango wa nyuma wa Pijo, akapanga vifaa vyake juu yake kama meza, akamwambia Zuwena akanyage breki.

"Haiwaki," alisema.

Akabadilisha swichi ya breki chini ya pedeli. Haikuwaka. Akabadilisha balbu. Haikuwaka. Akaikaza waya ya betri, akatema mate, akalaumu Wafaransa. Mwishowe alikwenda kununua sigara. Zuwena, aliyekuwa amechoka kuona spana za watu zimetandazwa mahali anapolaza maiti, aliziondoa zote, akaufunga mlango na makomeo yake. Stanslaus aliporudi wakajaribu tena, taa zikawaka kama jua.

"Umeona?" alisema Stanslaus akipuliza moshi. "Swichi mpya ilikuwa inajizoeza."

Zuwena alimwamini, kwa sababu mtu mwenye shida huamini. Akapeleka habari kwa kamati, kamati ikampa nafasi: bibi mmoja wa mtaa wa Kambarage alikuwa amefariki, Zuwena atambeba, na Hilux itafuata kwa mbali na mashahidi ndani. Hebu fikiria hali hiyo. Bibi wa watu anakwenda kwenye nyumba yake ya mwisho, na nyuma yake wamekaa wanaume wanakodolea macho matako ya gari. Zuwena alikanyaga breki kwenye kivuko cha reli. Akakanyaga kwenye kona ya soko. Akakanyaga kwenye ua wa makaburi, taratibu, kwa mguu uliojaa dua. Hata kabla jeneza halijafika kaburini, Yasini alikuja kwenye dirisha lake.

"Hazikuwaka hata mara moja," alisema kwa sauti ya upole, na ule upole ndio uliouma. "Bi Zuwena, usije tena."

Alirudi kwa Stanslaus moja kwa moja. Gari lilikuwa limefungwa vizuri, maana jeneza lilikwisha shushwa. Stanslaus alimwambia akanyage, akakanyaga, zikawaka. Kanyaga tena, zikawaka tena. Kwa nguvu, zikawaka, polepole, zikawaka. Stanslaus akajikuna shingo.

"Mama, mimi nikuambie ukweli. Gari halina kosa. Labda ni mguu. Wanawake mnakanyaga breki kwa vidole, swichi haishtuki."

"Nimekanyaga hapa mbele yako mara ngapi?"

"Hapa unakanyaga ukijua naangalia."

Zuwena alimtolea uvivu. Alimwambia kwamba mguu huu ulikuwa ukikanyaga breki wakati yeye Stanslaus bado anafungwa nepi. Kwamba mwanamume akigonga ni barabara mbaya, mwanamke akigongwa ni mguu mbaya. Kwamba kama vidole ndivyo vinavyozima taa, basi achukue bisibisi amfungue avitengeneze. Mafundi wa gereji za jirani wakaacha kazi kusikiliza, na mmoja akapiga makofi. Aliondoka pale. Alikuwa ameshinda kwa maneno, lakini maneno hayabebi jeneza. Nyumbani Bi Raudha alikuwa ameacha kunywa uji.

Njiani alisimama kwenye duka la spea la Vasanti, mjane wa Mansukhlal. Hakuwa na cha kununua. Alitaka tu mahali pa kukaa kabla ya kumwonyesha mgonjwa uso wake. Vasanti alikuwa ameketi nyuma ya kaunta miwani ikiwa puani, na duka lile aliliongoza mwenyewe tangu mumewe afariki, ingawa bado kuna wateja walioingia na kumuuliza, "Mwenyewe yupo?" Kila alipoulizwa hivyo alijibu, "Amesimama mbele yako." Zuwena alimpenda kwa hilo.

"Shikamoo, Mama Gaurav."

"Marahaba. Uso huo umetoka nao wapi?"

Zuwena akamwaga yote: Samuye, mkeka wa kamati, Stanslaus, vidole. Vasanti alisikiliza bila kutikisa kichwa, na alipofika kwenye vidole alivua miwani.

"Hebu niambie," alisema. "Ukibeba jeneza, gari linakuwaje?"

"Linakuwa kama lilivyo."

"Hapana. Usiniambie kama lilivyo. Linakuwaje?"

"Jeneza linaingia. Vijana wanapanda. Mlango wa nyuma unashushwa kwa sababu..."

Aligeuka kulitazama gari nje. Wakatazamana.

"Na taa zikija kupimwa?" aliuliza Vasanti.

"Mlango unakuwa umefungwa. Siku zote naufunga. Bi Raudha alinifundisha usikae wazi."

"Na kwa Stanslaus mara ya kwanza, mbona hazikuwaka?"

"Alikuwa ameugeuza meza."

Walitoka nje wote wawili, Vasanti akishika sari yake isiguse oili. Zuwena aliingia ndani akakanyaga breki.

"Zinawaka!" aliita Vasanti. Kisha akavuta makomeo mawili, akaushusha mlango. "Zimezimika!"

"Sijatoa mguu!"

"Najua hujatoa mguu. Baki hapo hapo." Akaunyanyua mlango, akasukuma makomeo. "Zimewaka."

Zuwena alibaki amekanyaga, machozi ya hasira yakimlenga, huku yule mama akifunga na kufungua mlango mara kadhaa kwa furaha ya mtoto aliyepata filimbi.

Walipoinama kuangalia, kila kitu kilikuwa wazi. Umeme wa gari huenda kwenye taa kwa waya, lakini hurudi kwenye betri kwa chuma cha gari lenyewe. Bodi la zamani la Pijo lilikuwa chuma tupu, na taa zilifungwa humo humo. Lilipoliwa na kutu, Zuwena alimpa seremala atengeneze jipya la mninga, zuri, lililopigwa msasa, jeneza lilale bila kukwaruzwa. Na safari ya Samuye ilikuwa ya kwanza bodi hilo kubeba maiti. Seremala alizifunga taa kwenye nguzo za mbao, juu ya vile vibao vya chuma ambamo komeo huingia. Mbao hazirudishi umeme. Mlango ulipofungwa, umeme ulipita kwenye komeo, ukashuka kwa ukanda wa chuma wa mlango hadi kwenye bawaba, ukaingia kwenye chasisi. Mlango uliposhushwa, njia ilikatika. Na mlango wa Pijo ulishushwa kwa jambo moja tu: jeneza.

Vasanti alikata vipande viwili vya waya. Zuwena alilala chini ya gari kwa kanga yake, akakwangua rangi kwenye chasisi mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya moja kutoka taa ya kushoto na nyingine kutoka ya kulia. Hakuna swichi iliyohitajika, wala balbu, wala mguu mpya. Mlango ukashushwa, breki ikakanyagwa, taa zikawaka.

Alipita kwa Stanslaus kumwonyesha, maana uungwana una mipaka.

"Sasa mama, mimi ningejuaje?" alisema Stanslaus. "Mara ya pili uliniletea gari limefungwa."

"Ungeniuliza habari za gari, badala ya habari za mguu."

Stanslaus alicheka kidogo, kisha akaacha. Alisema, "Hapo nimekosea, mama," na Zuwena alimsamehe pale pale, kwa kuwa alikuwa mwanamume wa kwanza tangu Samuye kulitamka neno hilo.

Jioni alimsimulia Bi Raudha kila kitu. Mgonjwa alisikiliza amefumba macho, na mwishowe kifua chake kikaanza kutikisika. Zuwena alishtuka akidhani anakata roho. Kumbe alikuwa akicheka.

"Kwa hiyo mchawi ni mimi," alisema Bi Raudha. "Mimi na milango yangu."

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Zuwena.

Kabla jua halijapanda watu walijaa uani. Wanawake walimwosha, wakamvisha sanda, na Justa, jirani Mkatoliki wa ukuta mmoja, akapika chai ya waombolezaji kwenye sufuria ya harusi. Zuwena alilirudisha Pijo kinyumenyume hadi mlangoni, akashusha mlango wa nyuma, akatandika mkeka. Ndipo Hilux ilipoingia, nayo ikageuka ikaweka mgongo wake mlangoni, ubavu kwa ubavu na Pijo. Yasini akashuka na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama.

"Poleni sana," alisema. "Kamati imepanga, marehemu atakwenda na gari langu."

"Ahsante, Mwenyekiti. Ana gari lake."

"Bi Zuwena, tulikwisha zungumza. Taa."

Zuwena alikuwa amelingoja neno hilo. Akamwita Justa akae kwenye usukani akanyage breki. Mbele ya umati, mlango ukiwa wazi kabisa, taa zikawaka. Akawaeleza: bodi la mbao, komeo, njia iliyokatika, waya mbili. Akamwita Maduhu ainame aone mwenyewe. Maduhu aliinama, akagusa waya, akainuka akitikisa kichwa kukubali. Wazee walisogea mmoja mmoja na kuchungulia, na kila aliyechungulia alisema, "Kumbe!"

Yasini pia alichungulia. Akajipangusa mikono ingawa hakugusa kitu.

"Mashaallah," alisema. "Taa zimepona, tumshukuru Mungu. Lakini jambo lenyewe si taa tu."

Justa akaondoa mguu kwenye breki.

"Kama si taa," alisema Zuwena, "ni nini?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Bi Zuwena, leo ni siku ya msiba. Tusifike huko. Mimi napendekeza hivi, tusaidiane. Marehemu aende na Pijo, kama alivyotaka. Ufunguo apewe Maduhu aendeshe. Wewe ukae na wanawake wenzako, ulie vizuri."

Na hapo, ukitaka kujua dunia ilivyo, watu wote walishusha pumzi. Hilo ndilo lililomchoma Zuwena kuliko gari kugongwa. Wazee walisema, naam, hiyo ni busara. Wanawake waliokuwa wamembeba begani tangu alfajiri walimvuta kanga: kubali, mwenzetu, kubali yaishe. Kila mtu alikuwa amepata alichotaka, isipokuwa maiti na mtu aliyemwapia.

"Maduhu ni kijana mwema," alisema Zuwena, na sauti yake ikapanda bila yeye kuiruhusu. "Lakini Maduhu si wa msikiti wenu. Hakumjua marehemu. Gari hili hajawahi kuliwasha. Mniambie sifa yake ni ipi! Mimi nimewabebea wafu wenu tangu baba yangu alipopofuka, sijaomba hata soda, na leo mnatafuta dereva popote pale, mradi tu amevaa suruali! Semeni basi! Semeni kwamba hamtaki mwanamke, msiisingizie taa ya gari!"

Akachomoa ufunguo kifundoni mwa kanga, akaunyoosha.

"Huu hapa. Mwenye sifa aje auchukue."

Yasini alimwashiria dereva wake kwa kidevu. Maduhu alikuja hadi mbele ya Zuwena, akavua kofia. Hakuunyooshea mkono ule ufunguo.

"Mayu, mama yangu, nisamehe," alisema. Kisha akamgeukia tajiri wake. "Mzee, mimi siendeshi."

"Nini?"

"Siku ile ya Samuye nilisema taa hazikuwaka, na kweli hazikuwaka. Hilo sikudanganya. Lakini hata zingewaka nisingeweza kusimama. Kati yetu na jeneza nilikuwa nimebakiza urefu wa jembe." Alikuwa anageuza kofia mikononi. "Wewe ndiye uliniambia nisogee. Ulisema, msukume huyo, hatuwezi kufika Samuye tumekula vumbi la mwanamke. Wazee hawa walikuwemo, walisikia."

Macho ya watu yalihama kwa Yasini yakaenda kwa wale wazee watatu. Mmoja alianza kukohoa. Wa pili alitazama angani kama anayetafuta mvua. Wa tatu, aliyekuwa mtu wa makamo na haya bado hajaimaliza, alijifuta uso kwa ncha ya kilemba.

"Tulisikia," alisema.

Sijui Yasini angejibu nini, wala hakuna aliyengoja. Vijana waliokuwa wamelikumbatia jeneza siku ya Samuye waliingia ndani bila kuambiwa na mtu, na walipotoka walikuwa wamembeba Bi Raudha mabegani, wakipokezana shahada midomoni. Waliipita Hilux. Maduhu akaweka bega lake pia, ingawa shahada hakuijua, na jeneza likaingia kwenye Pijo taratibu, juu ya mninga, bila hata kukwaruza.

Zuwena aliwasha gari. Barabara yote ya Ngokolo hakuvuka mwendo wa mtu anayetembea, na hakuna aliyempigia honi. Kwenye kivuko cha reli alikanyaga breki, kwenye kona ya soko akakanyaga, na nyuma yake watu waliosimama walisimama mahali panapostahili. Alifika kwenye ua wa makaburi, akazima injini. Vijana walilichukua jeneza wakaingia nalo ndani, sauti zao zikapungua, zikawa mbali, zikaisha. Alibaki peke yake na usukani.

Alitaka kumwombea, lakini dua haikuja. Kilichokuja ni kilio, kikubwa, cha sauti, kilichomtoa pumzi hata akaegemea usukani. Hakuwa amemlilia mama yake hata chozi moja. Tangu alfajiri, walikuwa wamemshughulisha na taa.